Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Nandete

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Mzee mlezi, ndugu wanachama,

Mnara wetu wa Vita vya Maji Maji tumeufanyia usafi, kumbukumbu ya Julai tumeiadhimisha, wanafunzi tumewapokea. Hayo mnayajua.

Nije kwenye lililoleta maneno. Mwezi Februari sikuidhinisha kosta ya kwenda Songea. Shilingi 640,000 walizochanga wenzetu wa Dar es Salaam nilielekeza zitumike kuwarekodi wazee. Nimeambiwa usoni, na zaidi kisogoni, kwamba nimewadharau mashujaa 67 walionyongwa na Wajerumani, wanaokumbukwa kule kila tarehe 27 Februari. Sikuwadharau. Songea ina makumbusho, na taifa zima hufika pale. Lakini Vita vya Maji Maji vilianzia huku kwetu Umatumbini, Julai 1905, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela walipong'oa miche ya pamba ya Mjerumani. Dawa ya maji, iliyoaminiwa kuzuia risasi, ilitoka Ngarambe kwa mganga Kinjikitile. Mkono uliotangulia kung'oa ulikuwa wetu. Moto huo ulifika hadi Ungoni, huko Songea, na mwaka 1956 Mwalimu Nyerere aliitaja vita hiyo Umoja wa Mataifa alipodai uhuru wetu.

Watafiti wa Chuo Kikuu walipokuja na madaftari miaka ya 1960, waliwakuta walioiona vita kwa macho yao. Wote wametangulia mbele ya haki. Waliobaki ni wajukuu, nao wanazeeka. Tumewarekodi 11. Kinasa sauti ni changu, na mafuta ya pikipiki nimelipa mwenyewe. Risiti anazo mhazini. Bibi mmoja alipofika kwenye habari ya kung'oa alinyamaza, akainama, akashika jani la uani kwa vidole vitatu, akalitoa na mizizi yake na kukung'uta udongo. "Hivi," akasema. "Babu alinionyesha hivi." Mwezi wa nane tulimzika.

Mazishini mlijaa hadi barabarani. Mkutano wa Septemba tulikuwa 9 kati ya wanachama 58, akidi haikutimia. Ada ni shilingi 5,000 tu kwa mwaka, waliolipa ni 17, na wengi wa walionisema sijawaona katika daftari la mhazini. Inaniuma, ndugu zangu.

Mungu akijalia, tutapata chumba karibu na mnara tuziweke sauti hizo. Kwa sasa zimo katika memori kadi mbili, ndani ya sanduku la bati nyumbani kwangu. Aliyelipa na asiyelipa, aje asikilize.

Mwenyekiti