Kabla hujauliza cc, tuambie unakimbilia wapi: gari lililotumika kwa safari za barabara kuu

Hapa yadini hakuna swali tunaloulizwa zaidi ya hili: "Linakula mafuta kiasi gani?" Nasi tumezoea kujibu kwa swali: utaliendesha wapi? Wateja wengine hudhani tunawakwepa. Hatuwakwepi. Gari linalobana matumizi kwenye foleni za mjini linaweza kugeuka mlafi likikimbizwa saa tatu mfululizo kwenye barabara kuu, na lile linalokukausha mfuko mjini likatulia kama maji mtungini likishapata lami ndefu.

Yupo mteja aliyenunua kwetu gari dogo la cc 1000 (cc ndiyo ukubwa wa injini). Mwaka wa kwanza alilisifia kila alipokutana nasi. Kisha akahamishwa kituo cha kazi, akawa anakwenda na kurudi kilomita 140 karibu kila siku. Akarudi amekunja uso: gari limeharibika, linakunywa. Tulilipima kwa mashine, tukaangalia plagi, filta na breki, hatukuona kitu. Gari lilikuwa zima, ila limepewa kazi ambayo halikutengenezewa. Siku aliponunua tulimuuliza bajeti, rangi na mwaka wa gari. Njia yake hatukumuuliza, na kosa hilo lilikuwa letu.

Ukiwa mjini, mafuta mengi huishia kwenye kuondoka na kusimama. Kila taa nyekundu unautupa mwendo ulioulipia, halafu unaununua upya, ndiyo maana huko gari jepesi lenye injini ndogo linashinda. Barabara kuu hesabu ni nyingine. Ukishafika kilomita 100 kwa saa na kutulia hapo, uzito haukusumbui sana isipokuwa kwenye vilima. Kinachokula mafuta ni hewa iliyo mbele yako. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo: kutoka 100 hadi 120, gari linasukumwa nyuma kwa nguvu iliyozidi kwa asilimia 44, na ukifika 130 ni asilimia 69. Unachopata kwa kutoka 100 hadi 120 ni dakika 10 katika kila kilomita 100. Mwenye haraka ataona ni biashara nzuri, lakini ajue bei yake.

Kwa hiyo jambo la kwanza tunalomwambia mtu wa safari ndefu ni aliangalie gari kwa mbele na kwa ubavuni kabla ya kufungua boneti. Limeinuka kiasi gani? Kifua chake ni kipana? Toyota Prius ya toleo la tatu, iliyoingia sokoni 2009, ina kigawo cha ukinzani wa hewa cha 0.25; namba ikiwa ndogo, gari linapasua upepo kirahisi zaidi. Gari refu lenye umbo la boksi huwa na 0.35 au zaidi, tena linakabiliana na upepo kwa kifua kikubwa zaidi, na mambo hayo mawili huzidishana. Ndiyo maana mteja mwenye watoto na mizigo anapotaka gari la juu la familia, nasi tukajua kwamba maisha yake yote ni lami, tunamwonyesha stesheni wagoni kwanza. Mzigo unaingia uleule, paa liko chini. Wengi hukunja pua, eti ni gari la wazee. Basi wazee wanajua kuhesabu.

Hapohapo, kama gari limekuja na keria juu, ing'oe wiki utakayolinunua. Makadirio ya serikali ya Marekani yanasema sanduku kubwa la mizigo juu ya paa, kwa mwendo wa kati ya kilomita 105 na 120 kwa saa, linaweza kukupunguzia asilimia 10 hadi 25 ya umbali unaoupata kwa lita moja. Keria tupu haifiki huko, lakini nayo hudokoa kila siku, hata siku usiyobeba kitu.

Sasa injini. Cc peke yake haikwambii mengi. Cha kutazama unapolijaribu gari ni saa ya mizunguko ya injini, ile yenye tarakimu 1 hadi 7 au 8. Peleka gari hadi 110, gia ya mwisho, barabara tambarare, kisha soma. Gari la petroli likikaa chini ya 2,500 tunaridhika, dizeli tunapenda iwe karibu na 2,000. Ukikuta 3,500, na utaikuta kwenye magari madogo yenye otomatiki ya zamani ya gia nne, ujue injini inazunguka mno kwa safari yote. Utailipia kwenye kituo cha mafuta na masikioni pia. Otomatiki ya gia sita au zaidi, au manyuo ya gia sita, huiacha injini ipumue. Zile za CVT, yaani otomatiki zisizo na ngazi za gia, hutulia vizuri kwenye tambarare, ila kwenye kilima kirefu injini hupiga kelele kuliko gari linavyokwenda. Si ubovu, lakini jaribu mwenyewe ujue kama utaivumilia.

Vijinjini vya cc 1000 vyenye tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, navyo vinahitaji neno. Ukiendesha kwa mguu mwepesi, abiria wawili, vinabana mafuta kweli. Pakia watu watano na mizigo, kimbia 130, na tabo itafanya kazi muda wote. Injini nyingi za aina hiyo, zikielemewa, huongeza petroli zaidi ya inayohitajika kuungua ili kupoza joto ndani ya silinda. Hapo injini ya cc 1800 isiyo na tabo inaweza kukuacha na risiti ndogo zaidi.

Haibridi, na dizeli

Haibridi, gari lenye injini na mota ya umeme pamoja, ina sifa kubwa, na mjini inastahili. Kila unaposhika breki, mota hurudisha sehemu ya nishati kwenye betri. Lakini katika kilomita 200 za mwendo mmoja, unashika breki mara ngapi? Hakuna cha kurudisha. Kinachobaki kukusaidia ni umbo la gari na injini ya mzunguko wa Atkinson, ambayo haibridi nyingi hutumia na ambayo kweli haina papara ya mafuta. Kwa hiyo haibridi ya chini, yenye umbo la mshale, bado ni chaguo zuri barabara kuu, ila pengo kati yake na gari la kawaida linapungua. Haibridi iliyoinuka kama banda hatuipendekezi kwa mtu wa masafa. Ile ya kuchomeka kwenye umeme, betri ikiisha baada ya makumi machache ya kilomita, njia iliyobaki unabeba uzito wake bure.

Dizeli ndiyo iliyozaliwa kwa kazi hii. Lita ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli, kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, na injini yake hugandamiza hewa kwa nguvu zaidi, hivyo hutoa kazi nyingi kwa tone lilelile. Isitoshe, dizeli za kisasa zina filta ya masizi kwenye ekzosi inayojisafisha kwa kuunguza masizi kwa joto kali, na joto hilo hupatikana kirahisi kwenye safari ndefu. Hatari iko kwa aliyekutangulia. Dizeli iliyoishi mjini, safari za dakika kumi kumi, filta yake huziba, vali ya kurudisha moshi hujaa gundi nyeusi, na wewe unarithi. Uliza gari lilikuwa linafanya kazi gani. Ukiambiwa filta "tulishaitoa", ondoka: nchi nyingi haziruhusu gari kutembea bila filta iliyotoka nayo kiwandani, na aliyeitoa hiyo sijui katoa nini kingine. Kama safari zako ndefu hazifiki kilomita 20,000 kwa mwaka, chukua petroli ulale usingizi. Matengenezo ya nozeli na tabo yanaweza kumeza akiba ya miaka miwili kwa siku moja.

Namba zilizoandikwa kwenye karatasi

Wateja huja na namba walizozitoa mtandaoni, na mara nyingi namba hizo hazifanani kwa asili. Gari la Japani likiandikwa kilomita 25 kwa lita kwa kipimo cha JC08, jua kwamba kipimo hicho hakizidi kilomita 81.6 kwa saa na wastani wake ni 24.4. Ni kipimo cha mjini kilichovaa koti. Kipimo cha zamani cha Ulaya, NEDC, kiligusa 120 kwa sekunde chache tu. Kilichokirithi, WLTP, ambacho tangu Septemba 2018 kinahusu magari yote mapya Umoja wa Ulaya, kinafika 131 na kina sehemu yake ya mwendo wa juu kabisa. Hiyo sehemu ndiyo uitafute, achana na wastani. Na usilinganishe gari la 2016 na la 2019 kwa namba tu. La pili linaweza kuonekana mlafi kwa sababu limepimwa kwa ukweli zaidi.

Ukiona maili kwa galoni, uliza galoni ya nani. Ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani 3.785. Maili 50 za Uingereza ni lita 5.6 kwa kilomita 100, za Marekani ni 4.7.

Sisi wenyewe tunapenda kuhesabu kwa lita za kilomita 100, kwa sababu kilomita kwa lita hudanganya macho. Kutoka 10 hadi 12 kwa lita unaokoa lita 1.67 kila kilomita 100. Kutoka 20 hadi 25 unaokoa lita moja tu, ingawa huku kwa pili ndiko kunakoonekana kuruka juu. Kwa mtu wa kilomita 30,000 kwa mwaka, tofauti ya lita 7 na lita 5 ni lita 600. Zizidishe kwa bei ya kituo chako, kisha ndipo uamue kama gari la bei ya juu kidogo linajilipa.

Kilomita nyingi zisikutishe haraka

Gari la miaka sita lenye kilomita 180,000 za barabara kuu mara nyingi tunaliamini kuliko lenye 80,000 za mjini. Limewashwa likiwa baridi mara chache, klachi imekanyagwa mara chache, breki zimepumzika. Historia yake iko usoni: vidoa vya vijiwe kwenye boneti na kioo cha mbele, huku pedali na ukingo wa kiti cha dereva vikiwa havijachakaa sana. Odometa ikisoma 60,000 na mpira wa pedali umelika hadi chuma, amini pedali.

Unapolijaribu, usikubali kuzungushwa mtaa mmoja. Omba nusu saa, injini ikiwa moto. Mshale wa joto ukishuka unapoongeza mwendo, thamostati imekwama wazi: injini inabaki baridi na kompyuta inaendelea kumwaga mafuta. Ukirudi, kabla hujashika breki kwa nguvu, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki yake inabana. Usomaji wa kompyuta nao uwemo, na fundi aangalie kama kumbukumbu ya makosa ilifutwa asubuhi hiyo. Tairi zina tarakimu nne za tarehe, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Zikiwa za zamani au za aina tofauti, ingiza gharama yake kwenye mazungumzo ya bei.

Magari yetu yote tunayaruhusu kujaribiwa barabara kuu, na fundi wako anakaribishwa. Ukija, njoo na mambo matatu: kilomita unazotembea kwa wiki, mwendo unaokwenda kwa kawaida (wa kweli, si ule wa kumwambia mkeo), na watu wangapi huwa ndani. Kama una gari tayari, jaza tangi hadi bomba likate, weka kihesabu cha safari sifuri, tembea kama kawaida yako, ujaze tena kwenye pampu ileile, na utuletee lita na kilomita. Tunaanzia hapo.