Kiingereza cha masikioni

Mhariri,

Wanaoshangaa wanafunzi wa Uingereza na Marekani kuboronga sarufi ya lugha yao wenyewe wasisahau kwamba mzawa huandika anachosikia. Chukua "could of". Mwanafunzi wa Tanzania ni nadra kuandika hivyo, maana alikutana na "could have" ubaoni. Mtoto wa Leeds, Uingereza, amesikia "could've" tangu utotoni, na sikioni kifupisho hicho na "could of" ni kitu kimoja. "Their" na "there", "its" na "it's", ni yale yale. (Watoto wetu nao huandika "uwa" badala ya "huwa", na "nime fika" kwa maneno mawili.)

Gumu zaidi ni mkato unaounganisha sentensi mbili kamili: "It was late, we went home." Msemaji anapumua kidogo tu hapo, basi mwandishi anaweka mkato panapotakiwa nukta.

England imetahini sarufi kwa watoto wa miaka 10 na 11 tangu 2013: alama 50 za sarufi na uakifishaji, 20 za tahajia. Mtoto anaweza kupigia mstari kielezi kilichotangulizwa (kilichowekwa mwanzoni mwa sentensi, kama "Last night"), akapata alama yake, kisha insha yake ikajaa mikato ya aina ile. Kutaja jina la kipashio hakumfundishi mtu kukitumia. Marekani, baraza la walimu wa Kiingereza lilipinga mazoezi ya sarufi yaliyotengwa na uandishi mwaka 1985. Sawa, lakini ukiyaondoa lazima uweke kitu mahali pake.

Kitu hicho ni kuunganisha sentensi. Mpe mwanafunzi "The bus was late. It was raining. We walked." Azifanye sentensi moja kwa njia mbili, azisome kwa sauti, aseme ipi imekaa vizuri na kwa nini. Dakika kumi zinatosha.

Kwa ritifaa, yaani alama ('), kila "it's" isomwe "it is" au "it has". "The dog wagged it is tail" inajikataa yenyewe. Kwa mkato, insha isomwe kuanzia sentensi ya mwisho kurudi nyuma, ili maana isilivute jicho. Kila upande wa mkato ukiwa na kiima na kitenzi chake na unajitegemea, weka nukta, nukta mkato (;) au kiunganishi.

Mwalimu naye asahihishe aina moja ya kosa kwa kila insha. Daftari likijaa wino mwekundu, mwanafunzi hunakili masahihisho tu.

Mwalimu wa Kiingereza,
Morogoro