Shoga, yaandike yale unayoulizwa dukani

Kisauni, Mombasa

Shoga yangu,

Assalamu aleikum. Voice note yako nimeisikiza yote, na pale uliposema mteja amekwambia "nimeuliza AI leso za jumla ikanipeleka duka la Nairobi" pameniuma kweli, manake mzigo ulio nao hapo Biashara Street naujua na uchaguzi wako wa leso naujua. Basi nimekaa nikaifungua websaiti yako ukurasa baada ya ukurasa. Barua itakuwa ndefu, nivumilie.

Kwanza ujue vile inavyofanya kazi, ukishaelewa hapo mengine utayapanga mwenyewe. Mtu akiuliza ChatGPT, ama akitafuta Google na kupata lile jibu la AI linalokaa juu kabisa (walianza nalo Marekani Mei 2024 kisha likasambaa nchi nyingi), mara nyingi ile mashine haijibu kwa yale iliyojifunza zamani peke yake. Inaligawa swali, inatafuta mtandaoni, inaokota aya fupi fupi kwenye kurasa tofauti, inaziunga ziwe jibu moja na kuweka linki za ilikotoa. Haibebi websaiti nzima, inabeba kipande. Kama wewe kipande huna, ama unacho lakini hakieleweki mpaka mtu asome ukurasa wote, anachukuliwa mwengine.

Na wewe huna, shoga. Websaiti yako inapendeza kwa macho, lakini nikitoa picha nabakiwa na sentensi mbili za Kizungu kwamba vitambaa vyako ni vya hali ya juu, basi. Neno leso halipo. Kanga halipo. Doti halipo. Mombasa imetajwa mara moja, chini kabisa. Bei zote ziko ndani ya ile flaya ya Idi, ambayo ni picha, na penginepo umeandika "bei inbox". Sasa mama yuko Kisumu anataka leso za harusi, anauliza "wapi Mombasa nitapata leso za jumla na wanatuma mpaka huku", hiyo AI itakutaja kwa lipi? Haina pa kushika.

Kuna kitu hapo kwako ni mali na kimelala. Mteja wa leso anauliza kwa jina, wewe ndiye unayejua zaidi yangu, anakuja anasema nataka ile ya "Mgeni njoo mwenyeji apone", rangi ataamua akiiona. Majina yote hayo kwako yako ndani ya picha, yamekunjwa mengine hata hayasomeki. Yaandike! Chini ya kila picha andika jina la leso kwa maandishi ya kawaida, rangi ya mji na ya pindo, kama ni pamba tupu ama imechanganywa, na kama bado iko. Usitegemee kwamba mashine itaisoma picha, pengine itaweza, lakini hizi mashine zinazotafuta majibu zinasoma maandishi kwanza. Na ile nafasi ya maelezo ya picha ambayo kijana aliyekutengenezea websaiti ameiacha wazi kila mahali, mwambie aijaze hayo hayo.

Kisha fungua WhatsApp ya duka, tazama watu wanakuuliza nini kila siku. Jumla inaanzia doti ngapi, mnatuma Lamu, mzigo ukienda na basi nani analipa, naweza kurudisha, mnakatia na kupinda? Hayo ndiyo maswali wanayoiuliza AI pia, na kwa maneno hayo hayo. Yaweke kwenye ukurasa kama yalivyo, swali liwe kichwa kidogo na jibu lianze hapo hapo chini yake, bila kuzunguka. Usiandike "kama tulivyosema hapo juu", manake kipande kikichukuliwa hiyo "juu" haiendi nacho. Andika hivi: "Duka letu la Biashara Street, Mombasa, linauza leso kwa jumla kuanzia doti 20, na tunatuma mizigo kwa basi hadi Kisumu, Nairobi na Lamu." Sentensi moja, mtu ashajua kila kitu. Weka idadi zako za kweli na bei zako za kweli, na uandike bei ni za mwezi gani. Najua unaogopa jirani ataziona, lakini jirani akitaka bei zako si anamtuma mtoto tu?

Andika kwa Kiswahili na Kizungu, kila moja ukurasa wake. Na useme leso, useme na kanga, wa Tanga na Dar wanaagiza pia.

Saa nazo. Umeandika "tunafungua saa 3". Sisi twaelewa, lakini mashine inaweza kumwambia mgeni ni saa tisa mchana, akaja duka linakaribia kufungwa. Andika saa 3 asubuhi, na kwa Kizungu 9:00 a.m., na Ijumaa mnafunga swala saa ngapi mpaka saa ngapi, na Ramadhani ikifika ubadilishe kila mahali, mpaka kwenye wasifu wako wa Google ambao naona una namba ya simu ya zamani. Jina la duka, namba na mahali vifanane kila penye jina lako, hilo nakuomba sana.

Sasa mambo ya yule kijana aliyekutengenezea. Mwambie afungue websaiti kwenye kompyuta abonyeze Ctrl na U, aone yale maandishi ghafi yanayosomwa na roboti, yaani programu zinazopita mtandaoni kusoma kurasa. Mimi nimeangalia, maelezo ya leso hayamo, yanaletwa baadaye na JavaScript, yaani kodi inayoendeshwa ukurasa ukishafunguka. Google inaweza kuyasubiri, lakini roboti nyingi za AI haziiendeshi hiyo JavaScript, zinaona ukurasa mtupu na kuondoka. Hili ni kubwa sana, alirekebishe mapema.

Pia aangalie faili ya robots.txt, ile inayoziambia roboti zipite wapi na zisipite wapi. Yako inamfungia kila mtu! GPTBot ni roboti ya OpenAI, wenye ChatGPT, ya kukusanya data za kufundishia AI, hiyo ukitaka kuifunga ni hiari yako, lakini OAI-SearchBot ndiyo ya utafutaji wa ChatGPT, ukiifunga umejitoa mwenyewe. Googlebot, roboti ya Google, ni hivyo hivyo, iachwe ipite. Na kama anatumia Cloudflare, ile huduma ya kulinda websaiti, aingie kwenye mipangilio yake, manake tangu Julai 2025 websaiti mpya huko zinaweza kufungiwa roboti za AI bila mwenyewe kujua.

Akitaka aongeze na zile alama za Schema.org, zinazofichwa ndani ya kodi ya ukurasa kuitajia mashine hili ni duka, hizi ni saa, simu na bidhaa. Zinasaidia mashine kuelewa, ila Google wenyewe wanasema hakuna alama maalum inayohitajika kwa majibu yao ya AI, na kilichomo kwenye alama lazima kifanane na kinachoonekana kwenye ukurasa.

Na huyo anayetaka umlipe akuwekee llms.txt, usimpe hela. Ni pendekezo la Jeremy Howard la mwaka 2024, ni faili ndogo tu ya kuielekeza AI kwenye websaiti yako, na Google wamesema hawaitumii. Hizo pesa bora umpe binti yako akae na simu akuandikie majina ya leso, ana mkono mwepesi na Kiswahili chake kizuri.

Mtu asikuahidi kwamba utatajwa wa kwanza. Majibu yanabadilika, leo hivi kesho vile. Lakini duka lisiloandikwa halitajwi kabisa, na lako linastahili kutajwa wallahi.

Anza na leso zinazotoka sana, usingoje kumaliza zote. Nitumie maswali ya WhatsApp Jumamosi nikupangie, na namba ya kijana pia, nizungumze naye mwenyewe hayo ya JavaScript. Mama nisalimie sana, mwambie Jumapili nikivuka Likoni nitapitia.

Wako akupendaye,
shoga yako wa Kisauni