Risala ya Kikundi cha Wakulima Wenye Ulemavu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Usalama Shambani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wetu, viongozi mliopo, wakulima wenzetu, mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wanakikundi wote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu, na zaidi kwa kukubali kutembezwa shambani kabla ya kuketi hapa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baadhi yetu tulizaliwa na ulemavu. Wengine tuliupatia kazini. Mimi ninayesoma risala hii nilikuwa na mikono miwili hadi siku nilipoinama kutoa mabua yaliyokwama kwenye mashine ya kupukuchua. Shafti ya trekta inayoendesha mashine kama ile huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Ilidaka pindo la shati langu, na kabla sijapiga kelele mkono ulikuwa umekwenda. Kifuniko cha shafti hiyo kilikuwepo. Kilikuwa kimefunguliwa na kuwekwa stoo, eti kinachelewesha kupaka grisi.

Kilichofuata kiliniuma kuliko kidonda. Kila aliyekuja kunijulia hali aliniambia nipumzike, kilimo basi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nikitaka kulima nitahitaji nini.

Hilo ndilo swali tunaloulizana kwenye kikundi hiki, na majibu yake umeyaona. Umeona matuta yaliyoinuliwa hadi usawa wa magoti ya mtu aliyeketi kwenye kiti mwendo, na njia pana zilizoshindiliwa kati yake. Umemwona mwenzetu asiyeona akipanda kwa kufuata kamba yenye fundo kila penye shimo. Mstari wake umenyooka kuliko wangu. Jembe langu lina mshikio wa pili uliofungwa mpinini, ambao naukumbatia kwa kigutu. Dereva wetu wa trekta haanzi kurudi nyuma mpaka amtazame mwenzetu kiziwi na kuonyeshwa kiganja, kwa sababu honi haimsaidii. Tangu tuweke utaratibu huo, hata wanaosikia vizuri wanauhitaji, maana injini ikinguruma wote tunakuwa viziwi.

Shirika la Kazi Duniani huhesabu kilimo pamoja na migodi na ujenzi kuwa kazi za hatari kuliko nyingine, na mwaka 2001 lilipitisha Mkataba namba 184 kuhusu usalama na afya katika kilimo. Huko Marekani, mpango wa AgrAbility ulianza mwaka 1991 kuwasaidia wakulima wenye ulemavu kubaki kwenye kazi yao, kwa kuwatembelea na kurekebisha vifaa vyao. Kwa hiyo tunachokuomba, Mheshimiwa, si jambo la ajabu.

Tunaomba maafisa ugani wafundishwe kutuhudumia, na mafunzo yao yafanyike mahali ambapo kiti mwendo kinafika na lugha ya alama ipo. Tunaomba mafundi wa vijijini wawezeshwe kutengeneza zana zinazomfuata mkulima alivyo. Tunaomba pia mashine yoyote isiyo na kifuniko cha shafti isikodishwe kwa mtu yeyote. Na viuatilifu, tafadhali: visiuzwe vikiwa vimepimwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Mtoto anayejua kunywa hajui kusoma, na mwenzetu asiyeona hana namna ya kuitofautisha chupa hiyo kwa kuipapasa.

Kwa upande wetu tumeshaanza. Trekta la kikundi limepata fremu ya kumkinga dereva likipinduka, na mkanda wake tunaufunga. Kifuniko kipya cha shafti tulikichangia wenyewe na tumekifunga asubuhi hii. Bolti moja ya mwisho tumekubakizia. Tunakuomba, kabla hujaondoka, uikaze kwa mkono wako. Spana tunayo hapa mezani.

Tunaomba kuwasilisha.