Mada ya Jumamosi: kulijua umbo la jiwe kwa mwangwi wake

Wadau za leo, Jumamosi saa mbili usiku tunaingia kolu kama kawaida, ila mada nimeibadilisha kidogo, yale mahesabu ya mawimbi kutawanyika naona yaliwatoa watu kapa wiki iliyopita (na mimi nikiwemo 😂) sasa tunachukua mfano mmoja tu, asteroidi Bennu, yaani jiwe la angani linalozunguka jua.

Hii Bennu ina upana wa kama mita 490, kwenye darubini za huku chini ni nukta tu. Wanasayansi wakairushia mawimbi ya redio kutoka kwenye antena kubwa za Arecibo kule Puerto Rico na Goldstone kule California, 1999 na 2005, alafu wakasikiliza kinachorudi. Sehemu iliyo karibu mwangwi wake unawahi, ya nyuma unachelewa, na kwa vile jiwe linazunguka, upande unaokuja unapandisha frikwensi (idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde), unaoondoka unaishusha. Shida sasa, pointi mbili, moja kaskazini moja kusini, zinaweza kutoa jibu lile lile, ndo maana lazima ulifuatilie likizunguka, kompyuta inakisia umbo, inalinganisha na mwangwi, inarekebisha, weee mpaka ikae. Wakapata kitu kama pia ya watoto.

2018 chombo cha anga cha NASA, OSIRIS-REx, kikafika Bennu kwenyewe, umbo ndo lile lile kabisa! Ila mawe usoni yalikuwa mengi kuliko walivyotegemea, hapo ndo nataka tubishane.

Na jamani zimeni maiki kama hamuongei, juzi tumesikiliza taarifa ya habari ya nyumbani kwa mtu nusu saa nzima.