Barua ya wazi kwa Afisa Utamaduni wa Jiji la Tanga: chuki iliyovishwa mafumbo

Ndugu Afisa Utamaduni,

Salaam kutoka Ngamiani.

Mwigizaji mmoja wa filamu zetu alitoka hospitali, akaweka picha Instagram kuwashukuru waliomwombea. Chini yake mtu akaandika: "Sie tunangoja pilau ya arobaini." Mwingine akadakia: "Mie sare nishaipeleka kwa fundi." Hapo hakuna tusi hata moja. Ukiripoti, unajibiwa kuwa hakuna utaratibu uliovunjwa, pilau si chakula tu? Ila mtoto yeyote wa Tanga anajua kuwa mtu kaombewa kifo, na shughuli yake imeshapangwa.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, haidai tusi. Inagusa ujumbe unaotumwa kwa nia ya kumtisha mtu, kumsumbua au kumuumiza moyo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kazi ni kuithibitisha hiyo nia. Mwandishi akisema "nilikuwa natania", nani atambishia?

Utaniambia mji huu ndio uliolea vijembe. Kweli. Vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star vilipashana hapa hapa, na watu wakatunza. Lakini aliyeimba alionekana jukwaani, na aliyepashwa alikuwa na kundi lake la kumjibia. Huyu anayemwita msanii wa kike "daladala" au "jalala" kajificha nyuma ya picha ya ua, na wenzake wanagonga vicheko. (Wanaomwita mtu kunguru kwa weusi wake sina hata la kuwasemea. Huo ni ubaguzi mtupu.)

Siombi mafumbo yapigwe marufuku. Tukianza hivyo, kesho atakamatwa mtunzi wa taarab, au mwananchi aliyemfumbia kiongozi. Naomba ofisi yako iwakalishe pamoja wakongwe wa taarab, walimu wa Kiswahili na vijana wanaoshinda kwenye kurasa hizo, wayafafanue mafumbo yanayotumika sasa, kisha maelezo hayo yafike polisi na kwa TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, ili anayekwenda kulalamika asiulizwe, "Sasa hapa umetukanwa wapi?" Na isiwe kazi ya mara moja, maana fumbo la Januari likifika Juni limeshabadilishwa.

Maoni ya namna hiyo niliyokusanya mtandaoni ninayo, majina nimeyafuta. Nikiitwa nitayaleta.

Wako,
Mkazi wa Ngamiani, Tanga