Zama za Mashujaa Zisiachwe Nje ya Hesabu

Kwa Mhariri,

Makala mliyoichapisha kuhusu zama za visasili vya Ugiriki ya kale ilinifurahisha, kwani ni nadra mambo hayo kuelezwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, mwandishi alizitaja zama nne tu, yaani za dhahabu, fedha, shaba na chuma, kana kwamba ndivyo Wagiriki wenyewe walivyohesabu. Hesabu hiyo ni ya Ovid, mshairi wa Roma. Hesiod, Mgiriki aliyemtangulia kwa takriban miaka 700, alitaja zama tano, na baina ya shaba na chuma aliziweka zama za mashujaa.

Kuziacha zama hizo si kosa dogo. Watu wa dhahabu waliishi bila taabu chini ya mungu Kronos, baba wa Zeus, wakafa kama waliosinzia. Wale wa fedha waliangamizwa na Zeus, mkuu wa miungu, kwa kukataa kuitukuza miungu. Na wale wa shaba waliuana kwa mikono yao wenyewe. Hao wote walipita bila kuacha jina la mtu hata mmoja. Mashujaa ndio wenye majina: waliopigana katika mji wa Thebes, na waliovuka bahari kwenda mji wa Troy kwa ajili ya Helen, malkia aliyetoroshwa. Kwao ndiko Wagiriki walikojinasibisha, na tukiwafuta, karibu kila kisa tunachokijua kinakosa mahali pa kukaa.

Tena, zama hizo ndizo zinazoweza kupangwa kwa vizazi. Shujaa Herakles aliishambulia Troy wakati wa mfalme Laomedon, na vita vile vikubwa vya Troy, vya kumgombea Helen, vikaja wakati wa Priam, mwanawe Laomedon. Shujaa Tydeus alifia Thebes. Mwanawe, Diomedes, akapigana Troy. Sisi wa Lamu tusione ajabu, maana mzee wetu anayeikariri nasaba ya ukoo wake hutwambia nani alimzaa nani, asitaje mwaka wowote, na bado tunajua nani alitangulia na nani alifuata. Hata zama za Fumo Liyongo wetu zinabishaniwa na wanazuoni kwa tofauti ya karne kadhaa.

Miaka ilikuja baadaye, kwa jitihada za wasomi. Jiwe lililochongwa katika kisiwa cha Paros mnamo mwaka 264 kabla ya Kristo linaweka kuanguka kwa Troy mwaka 1209 hivi, ilhali Eratosthenes, aliyeisimamia maktaba ya Alexandria, alipata 1184, yote miwili kabla ya Kristo. Kwa hiyo makala iliposema kwamba Troy ilianguka mwaka 1184, bila kueleza kwamba hiyo ni hesabu ya mtu mmoja, ilimpa msomaji, na hasa mwanafunzi, uhakika ambao Wagiriki wenyewe hawakuwa nao.

Ninamwomba mwandishi, iwapo ataendelea na mfululizo huu, atuwekee nasaba kuanzia kwa Deukalion, aliyeokoka gharika pamoja na mkewe Pyrrha, na mwana wao Hellen (mwanamume, si Helen wa Troy), ambaye Wagiriki walijiita kwa jina lake, hadi kwa wana wa waliorudi kutoka Troy. Na kila anapotaja mwaka, amtaje pia aliyeuhesabu.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu,
Mkomani, Lamu